Mwalimu wa Umeme Anayenikimbia

Issenye, 11 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Wegesa,

Bwana asifiwe sana. Barua hii ikukute umetoka shamba na miguu umeshanawa, maana nakujua, huwezi kusoma kitu ukiwa na tope. Hali yako? Kifua cha shemeji Mwikwabe kimeachia? Na Ghati wetu, bado anajifunza kushona pale Tarime mjini? Msalimie, mwambie mama yake mkubwa anamtaja katika maombi. Sisi huku tu wazima kwa neema. Goti langu linauma mvua ikitaka kunyesha, halafu mvua yenyewe hainyeshi, kwa hiyo naumia bure.

Nimeona niandike kwa sababu simu yako nikiipiga anapokea shemeji, na kila siku ananiambia uko kisimani. Mdogo wangu, hicho kisima kina nini? Basi Tabitha wa mitumba akija kwenye gulio la kwenu atakupa hii mkononi.

Unajua walinichagua kwenye bodi ya chuo chetu cha ufundi, kile cha kanisa. Mimi wa darasa la saba nakaa meza moja na Mchungaji Gidion, ambaye ndiye mwenyekiti, na Faridu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mugumu, na mkuu wa chuo Mwalimu Eunice. Kikao cha kwanza nilikwenda na Biblia na leso, sikujua watu wanabeba nini huko.

Sasa shida yetu ni walimu. Kushona tuna mwalimu, useremala tunaye. Umeme ndiyo hatuna, na ndilo darasa lenye vijana wengi, na Joel wangu yumo. Mwalimu wao alihamia Mwanza. Tangu hapo wanafundishwa na kijana aliyemaliza hapo hapo chuoni. Wakaguzi walipokuja walisema hapana, kujua kufunga waya ni jambo moja, kufundisha ni lingine. Anatakiwa mtu mwenye stashahada ya umeme na juu yake cheti cha ualimu wa ufundi. Wakirudi mwezi wa sita wasimkute, darasa linafungwa na vijana hawafanyi mtihani. Joel wangu miaka yake miwili iende hivi hivi?

Tulifunga, tukaomba. Mungu akatupa mtu, Mwalimu Nchagwa, kwao Matongo. Vyeti vyote anavyo, na mshahara wetu mdogo ameukubali. Nilitoa machozi.

Lakini kuna kitu sijakielewa. Siku ya kutambulishwa kwetu aliingia vizuri, akamsalimia Mchungaji, akamsalimia Faridu. Mwalimu Eunice akasema, "Na huyu ni Mama Efrazia, ameolewa huku kwetu lakini ni mzaliwa wa Nyanungu." Yule kijana akageuza uso kama amepigwa na moshi, akatoka. Hakurudi. Faridu akacheka, "Mama, umemtisha mwalimu wetu! Umekula nini leo?" Tukacheka wote, lakini mimi nilicheka kwa nje tu.

Niandikie upesi.

Dada yako,
Efrazia


Nyanungu, 5 Machi 2024

Dada yangu Efrazia,

Shikamoo dada. Sisi hatujambo, kifua cha baba Ghati kimepungua, sasa anakohoa asubuhi tu. Mahindi yameota, nyani nao wameshajua. Ghati hajambo, anakusalimia sana.

Nimefurahi kusikia mmepata mwalimu. Nakuuliza tu, dada, huyo Nchagwa ni mrefu, ana kovu dogo kwenye nyusi? Nauliza tu.

Kama ndiye au siye, naomba usimfuatefuate. Mwache afundishe. Mtu akigeuka pembeni mwache ageuke, usimwite. Wewe ni mtu mzima, unajua mambo mengine huwa na sababu. Tukionana nitakueleza, kwenye karatasi siwezi, na nikichelewa hapa nitaulizwa naandika nini.

Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Wegesa


Issenye, 24 Machi 2024

Mdogo wangu Wegesa,

Salamu katika jina la Bwana. Nyani wameacha chochote? Sisi hatujambo kimwili, rohoni ndiyo sijui.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikisoma naelewa kidogo kuliko mwanzo. Kovu analo. Ni mrefu. Wewe umemwonea wapi? Aliiba ng'ombe wa mtu huko? Ungeniambia moja kwa moja nisingefika hapa nilipofika. Ngoja nikusimulie.

Baada ya ile siku nilijisemea labda kijana ana haya, ngoja nimzoee. Nikapika ugali na kuku, nikampelekea kwenye karakana wakati wa mapumziko. Nikapiga hodi. Nikasikia vijana wanasema, "Mwalimu, ni mama yake Joel." Nikaingia. Wegesa, yule mtu alikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje ya dirisha! Mwalimu mwenye stashahada! Akaruka, suruali ikashikwa na komeo, akaivuta ikachanika, akaenda zake nyuma ya choo. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Joel alishika kichwa, akasema, "Mama, tafadhali, nenda nyumbani."

Njiani tukikutana anaacha njia anaingia kwenye mtama wa watu. Kanisani nikikaa mbele yeye anakaa nje. Nikimtuma mtoto amwite, anatuma jibu, "Mwambieni anisamehe, siwezi." Huwezi nini?

Sasa bodi ikakaa. Wakaguzi wanataka vyeti halisi vioneshwe mbele ya wajumbe wote, siyo nakala. Akaitwa. Akauliza kwanza ni akina nani wamo ndani. Akaambiwa. Akampa Mwalimu Eunice bahasha, akasema yeye haingii mimi nikiwemo, ana sababu ya nyumbani ambayo si yake kuisema. Faridu akasema, "Sababu gani ya nyumbani inamkimbia mama mmoja tu? Au mama anamjua ni nani?" Wote wakanigeukia. Mchungaji akaniuliza kwa upole, "Mama Efrazia, wewe ni mtu wa upande wa kwao. Unajua jambo lolote juu ya huyu kijana?"

Nikakumbuka barua yako. Mwache ageuke. Kuna sababu. Siwezi kwenye karatasi. Nikaona hapa pana ubaya. Mungu ni shahidi, nilisema nilichoamini. Nilisema, "Ndugu zangu, simjui, lakini mtu anayejua mimi natoka Nyanungu na akanikimbia, huenda anaogopa kitu ninachoweza kukitambua. Kwetu watu wanasema mambo juu yake. Na vyeti siku hizi vinatengenezwa hata stendi." Tukapiga kura kwa mikono. Wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Amesimamishwa mpaka vyeti vihakikiwe. Alibeba begi lake jioni ile ile, akapita nyuma ya shamba la kanisa asipite kwangu.

Joel haongei na mimi. Anakula, anaosha sahani, anatoka. Darasa halina mtu na mwezi wa sita unakuja.

Niambie huyu mtu amefanya nini. Nimeshahukumu, sasa nataka kujua kosa. Ona nilivyogeuza mambo.

Dada yako,
Efrazia


Nyanungu, 2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeandika hii nikiwa nimekaa kwenye mawe kisimani, kweli kisimani.

Dada umefanya nini. Hapana, mimi ndiye nimefanya nini.

Nchagwa anamwoa Ghati. Ng'ombe wa kwanza walishaingia zizini tangu mwezi wa kumi na mbili. Wewe ni mama mkubwa wa Ghati, yaani ni mama yake, yaani ni mama mkwe wake yule kijana sawasawa kama mimi. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hamgusi, angewezaje kukaa meza moja na wewe? Angekupa mkono? Angekula kuku wako mkitazamana? Picha yako Ghati alishamwonyesha, ile ya kipaimara. Alipokuona aliheshimu, dada. Alikuheshimu mpaka akachana suruali.

Hukuambiwa kwa sababu ya baba Ghati. Unakumbuka harusi ya Boke, binti yetu wa kwanza, ulivyosimama mbele ya wazee ukasema mtoto amalize kwanza kidato cha nne? Wazee waliacha pombe zao wakaondoka. Tangu hapo akaapa, "Huyu wa pili ataozwa bila dada yako kujua, ataambiwa siku ya harusi kama mgeni." Nami nilikubali kwa kuogopa. Nchagwa naye aliambiwa afunge mdomo mpaka siku itangazwe. Kwa hiyo mdomo wake ulifungwa na sisi, na wewe ukamfunga mikono.

Ghati anampenda. Hakulazimishwa. Alisema atakwenda naye huko Issenye, atashona pale pale chuoni, atakuwa karibu na mama mkubwa. Alikuwa anafurahi hivyo.

Fanya kitu kabla habari haijafika mnadani.

Mdogo wako,
Wegesa


Issenye, 14 Aprili 2024

Wegesa,

Bwana awe nawe. Leo sikuulizi habari ya mahindi.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimezaa wavulana watupu. Miaka yote hii sijawahi kuwa mama mkwe wa mwanamume, hata sikufikiria. Tena Ghati kwangu bado ni yule mtoto wa kunibebea kibao cha kukunia nazi alipokuja likizo. Ningeona kijana mwingine anamkimbia mama mwingine hivyo ningejua hapo hapo, ningecheka. Kwangu mwenyewe sikuona.

Nilikukasirikia siku nzima. Halafu nikajiuliza, ungeniambia mwezi wa kumi na mbili, ningenyamaza? Jibu nimelipata, sikuandikii.

Nilikwenda kwa Mchungaji Gidion, nikamwambia yote. Yeye ni Mjita, si wa kabila letu, alinisikiliza, mwisho akaniuliza, "Lakini mama, nyinyi wawili si mmeokoka? Katika Kristo hakuna kukimbiana. Mwite, muombe pamoja, mshikane mikono, kwisha." Nikamwambia, "Mchungaji, nikimshika mkono nimemwambia kwamba binti hapewi." Akashangaa. Akasema kwao hawafiki huko. Nikarudi nyumbani nikafungua Biblia, nikatafuta mahali panaposema mama mkwe na mwalimu wa umeme wafanyeje. Nikamkuta Petro mama mkwe wake ana homa, Bwana akamponya. Haikunisaidia, mimi sina homa.

Vyeti vimehakikiwa. Ni vya kweli, vyote. Mwalimu Eunice alinisomea majibu taratibu kama ananiwekea mzigo kichwani.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kwenye kikao nilisimama nikasema nilisema uongo bila kujua kuwa ni uongo, vijana wasikose mtihani kwa ajili yangu. Nikasema bodi inaweza kupata mama mwingine, umeme hatuna mwalimu mwingine. Nikajitoa. Faridu alisema, "Mama, tungejenga ukuta katikati ya chumba, wewe huku yeye kule!" Alitaka kunichekesha, Mungu ambariki. Nilipotoka nilifika mlangoni nikageuka kutazama kile kiti. Nilikipenda, Wegesa. Nilipenda kuulizwa, "Mama Efrazia, wewe unaonaje?" Nyumbani huku hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwalimu Eunice amekwenda Matongo kumwomba arudi. Mchungaji nimemtuma kwenu, azungumze na shemeji kabla hajasikia kwa wengine. Mpe chai nzito, anapenda tangawizi.

Joel jana aliniambia "lala salama". Nimeanza kupumua.

Dada yako,
Efrazia


Nyanungu, 28 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Mchungaji wenu alifika, amechelewa siku mbili tu. Mnada ulikuwa umemtangulia.

Watu walishamwambia baba Ghati kwamba mkwe wake amefukuzwa chuo kwa vyeti vya stendi. Akabisha, akasema wivu. Wakamwambia, "Aliyeshuhudia dhidi yake ni mama mkubwa wa binti yako mwenyewe, alinyoosha mkono wa kwanza." Alirudi nyumbani hakuvua hata kofia.

Mchungaji alieleza vizuri sana. Alisema ulikosea, vyeti ni vya kweli, kijana amesharudishwa kazini, umeacha kiti chako kwa ajili yake. Baba Ghati alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia." Akamsindikiza mpaka barabarani. Mchungaji aliondoka amefurahi, akaniambia nimshukuru Mungu. Lakini mimi nimekaa na huyu mwanamume miaka mingi, "nimesikia" yake inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, inaweza kuwa hajasikia kitu.

Nilimwuliza, "Sasa?" Akasema, "Kesi ya ng'ombe haiamuliwi na mchungaji wa watu." Nikamwambia kijana hana kosa. Akasema, "Najua hana. Lakini kila nikipita wananitazama kama mtu aliyeuza binti kwa tapeli. Wewe unataka nimweleze kila mtu, mmoja mmoja?"

Ghati amerudi kutoka mjini. Anashona mchana kutwa, haniulizi kitu. Nami sijui nimwambie nini.

Omba, dada.

Mdogo wako,
Wegesa


Issenye, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Wegesa,

Bwana asifiwe. Nimengoja barua yako mwezi wa tano wote. Tabitha kila akirudi ananionyesha mikono mitupu. Simu anapokea shemeji, safari hii hata kisima hakitaji, anasema tu hupo. Kwa hiyo naandika bila kujua naandika katikati ya nini.

Wakaguzi walikuja juzi. Mimi si mjumbe tena, nilikaa ng'ambo ya barabara na akina mama wanaouza maandazi, nikijifanya nimekuja kununua. Karakana madirisha yalikuwa wazi. Nilimsikia Nchagwa anafundisha. Anafundisha vizuri, Wegesa. Anauliza swali halafu anangoja, hamkati mtu. Kijana mmoja akajibu ovyo, akamwambia, "Mura, kijana wangu, kwa jibu hilo umeshaunguza nyumba ya watu, na mwenye nyumba anakuja na panga. Fikiri tena." Darasa likacheka, na yule akafikiri, akapata. Wakaguzi walitoka wakitikisa vichwa kwa kukubali. Mwalimu Eunice alikimbia barabarani na viatu mkononi kunipa habari: darasa la umeme limekubaliwa. Vijana wote watafanya mtihani. Joel alininyanyua juu, na goti langu hili.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti pale pale barabarani. Nilisema, umetengeneza vyote, mwalimu amebaki, mtoto wetu atapata mume wake, mimi nimepoteza kiti tu.

Ndipo Nchagwa akatoka getini. Nikainuka nigeuke, nimpishe, maana sasa nilikuwa nimejifunza, nikimwona mbali nakuwa wa kwanza kuingia kwenye mtama. Lakini yeye hakuacha njia. Alikuja moja kwa moja. Nikatazama nyuma, labda anamfuata mtu. Hapakuwa na mtu. Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

Wegesa, sijawahi kusikia salamu inauma vile. Akina mama wa maandazi walisema, "Afadhali! Leo mmepatana." Wakapiga vigelegele. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Nikaupokea. Nikasema marahaba. Mkono wa baridi.

Nikamwuliza, "Na Ghati?"

Akasema, "Ng'ombe walirudishwa wiki iliyopita, mama. Wote, na yule ndama aliyezaliwa huko kwenu." Akasema alimtuma baba yake mara mbili kumsihi shemeji. Akasema Ghati alilia mbele ya wazee na haikubadilisha kitu. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Nikamwambia nimekosa, akasema, "Najua, mama, walinieleza. Ulikuwa unawatafutia vijana mwalimu." Nikamwuliza kama ataondoka. Akasema, "Niende wapi? Matongo wananicheka. Hapa angalau wananiita mwalimu."

Jioni Mchungaji alikuja nyumbani na Faridu. Wanataka nirudi kwenye bodi. Mchungaji alisema, "Kile kikwazo si kimeondoka sasa?" Hakusema kwa ubaya, yeye alifikiri ni habari njema. Kanisani leo wametoa shukrani kwa ajili ya chuo, kila mtu akaimba, na mimi nilifungua kinywa sikujua ni wimbo upi. Nishukuru? Darasa limepona. Nilie? Mwalimu amebaki kwa sababu mtoto wetu amemkosa. Nikisema "Bwana, ahsante", Ghati anasimama mbele yangu. Nikisema "Bwana, kwa nini", Joel anasimama. Nimeacha kusema, nimekaa tu.

Kwenye bodi sijawajibu.

Alhamisi nitapanda basi la asubuhi nije Nyanungu. Shemeji akinifungia, nitakaa nje mpaka afungue, hata akisema uko kisimani nitakwenda kisimani. Ghati usimwambie kwamba nimeshikana mkono na yule kijana. Nataka nimwambie mwenyewe, nikiwa nimemshika. Nitakachosema baada ya hapo sikijui, Wegesa. Nimeandika na kufuta mara nyingi, karatasi imetoboka hapa, unaona.

Mimi dada yako,
mama mkubwa wa Ghati